Doti na nusu

Mama mkwe wangu alishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa na mkoba mmoja na kiroba kimoja. Mkoba alimpa mume wangu abebe. Kiroba hakumpa mtu. Alikipakata kwenye bajaji mpaka Goba, na tulipofika akakishusha kivulini taratibu, akakifungua fundo kwa vidole. Ndani kulikuwa na machipukizi manne ya mgomba wa mchare aliyoyang'oa jioni ya jana yake kihambani kwake Machame, na udongo mweusi wa kule ulikuwa bado umeshikamana na mizizi.

"Wajukuu zangu watakula mtori wa ndizi za kununua mpaka lini?" aliniuliza. "Panda, mwanangu. Mgomba huu nilimkuta nao mama mkwe wangu, na yeye alimkuta nao wake."

Ilikuwa Machi 2022. Nilipanda siku hiyohiyo, kwa mikono yangu, na ule udongo mweusi niliurudishia kwenye mashimo kwa sababu niliuona ni baraka.

Nafundisha biolojia sekondari. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ardhi cha hatua 20 kwa 15, kichanga chekundu kinachokunywa maji kama hakijawahi kuyaona, na hapo nalima mchicha, matembele, kunde na nyanya kidogo za mboga ya nyumbani. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye vipande kama hivi hapa Dar, hasa wale wanaoona mmea mmoja unakufa na wa jirani yake unanawiri, wakaishia kusema ni mkono wa mpandaji.

Mchare haupendi joto la Pwani. Nililijua hilo, kwa hiyo mwaka wa kwanza ulipokuwa unajikokota sikushtuka. Hatua nne kutoka hapo palikuwa na mashina mawili ya mkono wa tembo tuliyoyakuta tuliponunua kiwanja. Hayo hakuna aliyewahi kuyanywesha maji, na yalizaa. Aprili 2023, masika yakiwa yamekolea, majani ya chini ya mchare mmoja yakaanza kugeuka njano kutokea pembeni. Wiki mbili baadaye yakavunjika kwenye kikonyo, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi iliyochakaa. Nikasema ni maji mengi. Wa pili ukafuata. Nikasema una njaa, nikaumwagia samadi ya kuku. Wa tatu nao ukafuata, na samadi yake.

Siku nilipoliangusha shina la kwanza kwa panga ndipo nilipoacha kubahatisha. Shina la mgomba mzima ukilikata ni jeupe, linachuruzika maji, lina vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki. Hili lilikuwa na duara za rangi ya kahawia inayokaribia wekundu. Nikalipasua kwa urefu, zile duara zikageuka nyuzi ndefu, zimepanda kutoka kwenye kisiki mpaka pale panga langu lilipoishia. Hapakuwa na usaha wa njano wala harufu ya kuoza. Usaha wa njano ungekuwa mnyauko wa bakteria, ule uliowaumiza sana wakulima wa Kagera. Nyuzi kavu za kahawia ni kazi ya kuvu anayeitwa fuzari.

Kuvu huyu anaishi udongoni. Anaingia kupitia mizizi, anapanda kwenye mirija inayopeleka maji juu, na mirija inaziba. Mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha. Ukishakufa, kuvu anajifungia kwenye vijichembe vyenye ganda gumu na anaweza kukaa humo udongoni miongo kadhaa, akisubiri mzizi mwingine upite.

Nilipiga simu Machame na moyo mzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Migomba yangu haijambo?"

Nikamweleza yote: majani, nyuzi, rangi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kule chini ya kihamba, karibu na mfereji, kuna michare inayokauka vilevile tangu zamani. Wao husema imechoka. Machipukizi yangu aliyatoa palepale, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na njia. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mgomba mgonjwa huweza kutoa chipukizi zuri la kuvutia jicho, na anayelichimba anachimba upendo.

Kilichoniganda akilini ni mkono wa tembo. Hatua nne tu, udongo uleule, mvua ileile, na uko mzima na mkungu juu.

Darasani kromosomu, yaani vile vifurushi vya jeni vilivyomo ndani ya seli, nazifundisha kwa kanga. Kanga huuzwa kwa doti, mbili ambazo hazijakatwa. Mimea mingi, nasi wanadamu, tuna doti: kanga moja ya mama, moja ya baba. Wakati wa kuzaa ukifika doti inakatwa, kila mzazi anatoa kanga moja, na mtoto anapata doti yake. Mchare una doti moja: seti mbili za kromosomu 11, jumla 22. Mkono wa tembo una doti na nusu: seti tatu, kromosomu 33, mbili kutoka ukoo wa ndizi mwitu ambao wataalamu huuandika A, na moja kutoka ukoo mwingine unaoandikwa B. Ndizi nyingi tunazokula ni za doti na nusu. Kanga tatu hazigawanyiki mafungu mawili sawa, na hiyo ni sababu kubwa mojawapo ya ndizi hizi kukosa mbegu. Ndizi mwitu zimejaa mbegu nyeusi ngumu za kuvunja jino.

Hiyo nusu ya ziada inatoka wapi? Mara mojamoja mzazi anasahau kukata. Anatoa doti nzima, mwenzake anatoa kanga moja kama kawaida, na mtoto anazaliwa na tatu. Na hapa pana habari ninayoipenda mno. Wataalamu wa vinasaba walipofuatilia ukoo wa Gros Michel na Cavendish, ndizi mbili zilizotawala biashara ya dunia kwa zamu, walikuta mzazi aliyetoa doti isiyokatwa ni wa ukoo wa ndizi za mlali, zinazolimwa Zanzibar na Komoro, ambazo ni ndugu wa karibu wa mchare wetu. Ndizi iliyomo kwenye kila duka kubwa la Ulaya na mtori wa Machame ni damu moja.

Basi nikaingia kidato cha nne na jibu langu. Niliwaambia wanafunzi: aliye na nakala nyingi ana akiba. Jeni moja ikiharibika, nyingine inashika nafasi. Mbili zikifanya kazi ileile, moja inapata uhuru wa kujifunza kazi mpya. Seli inakuwa kubwa kwa sababu inabeba mzigo mkubwa. Tukapaka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani la mchare wa nne, uliokuwa bado hai, na chini ya jani la mkono wa tembo. Tukaiacha ikauke, tukaibandua kwa selotepu, tukaiweka kwenye hadubini. Alama za vile vitundu vya kupumulia zilionekana wazi, kila kimoja kama midomo miwili midogo. Vya mkono wa tembo vilikuwa vikubwa na vimekaa mbalimbali. Darasa zima lilitaka kuangalia. Kengele ililia na hakuna aliyetoka.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madamu, kama tatu inaishinda mbili, kwa nini zenye mbili bado zipo?"

Sikuwa na jibu, na nililala na swali lile. Nilipoanza kusoma nikakuta limebomoa somo langu lote. Gros Michel ilikuwa na seti tatu, zote A, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 fuzari aliifyeka Amerika ya Kati shamba baada ya shamba. Mpaka kufikia miaka ya 1960 biashara ilikuwa imehamia Cavendish. Cavendish nayo ina seti tatu, zote A, na kuvu aliyeimaliza Gros Michel hakuiweza. Kisha ikajitokeza aina nyingine ya kuvu yuleyule inayoiua Cavendish, na mwaka 2013 ikathibitishwa Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Ndizi zilezile za doti na nusu, moja inakufa, moja inapona, kisha iliyopona inakufa kwa mgeni mwingine. Mkono wa tembo wangu uliokolewa na aina ya kanga ulizonazo na aina ya kuvu aliyebisha hodi. Mgomba wenye kinga unamgundua kuvu mapema na kuziba mirija kwa utomvu na vizibo kabla hajapanda. Usio na kinga unachelewa, na kuchelewa ndiko kunakouua.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lilelile nikawaambia kwamba jibu nililowapa halikuwa sahihi, na kwamba swali la mwenzao ndilo lililonionyesha.

Kuanzia hapo nikabadili namna ya kukagua bustani. Zamani nilikuwa naangalia majani. Sasa nikaanza kung'oa.

Nilianza na kunde. Ng'oa mche wa kunde wenye wiki sita kwa kuuzungushia koleo pembeni, usiuvute kwa nguvu, kisha uutikise polepole ndani ya ndoo ya maji. Kwenye mizizi utaona vinundu kama punje za mtama. Minya kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha pinki ndani, karibu na rangi ya damu, kinafanya kazi: humo bakteria wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na mmea unawalipa sukari. Kikiwa cha kijani au kijivu, kimeshazeeka.

Vinundu nilikuwa navifundisha miaka yote. Nisichokuwa nakijua ni kile kinachotokea ndani ya seli inayowapokea bakteria. Ili iweze kuwabeba maelfu kwa maelfu, seli ile inanakili jenomu yake yote, yaani kromosomu zake zote na jeni zilizomo, bila kugawanyika, kisha inanakili tena, na tena. Mmea uliochunguzwa sana kwa jambo hili ni Medicago truncatula, wa jamii ya kunde. Seli zake za vinundu zinafikia nakala 64, wakati seli ya kawaida ina 2. Kwa lugha yangu ya darasani, seli yenye doti moja inafikisha doti 32 kwa sababu ya wageni. Bakteria wenyewe, katika mmea huohuo, nao wananakili jenomu zao na kurefuka mpaka hawawezi tena kuzaliana. Njegere pia zina seli za namna hii. Nilikaa kwenye ndoo yangu pale uani nikiangalia kile kinundu cha pinki, na nakiri machozi yalinilengalenga. Miaka 14 nimekuwa nikisema vinundu vinarutubisha udongo, basi, tunaendelea.

Bustani hiyohiyo, mita chache pembeni, nyanya zangu zilikuwa zinanyauka mchana na kuamka jioni. Nikang'oa. Mizizi ilikuwa imevimba, na uvimbe huu haukubanduka kama kinundu. Ulikuwa mzizi wenyewe, umejaa mafundo kama tangawizi. Hiyo ni minyoo fundo. Ni midogo mno, mnyoo mchanga anaingia mzizini na kuchokoza seli chache zilizo karibu na kichwa chake, na seli hizo zinafanya nini? Zinanakili jenomu zao, tena na tena, zinavimba kuwa majitu, na mnyoo ananyonya humo maisha yake yote. Njia ni ileile. Rafiki anaiomba seli ijiongeze ili alishwe na alishe. Adui anailazimisha ijiongeze ili ale peke yake. Mmea unao uwezo mmoja wa kale, na wanaokuja kuufungua ni wawili tofauti.

Tangu siku hiyo nyanya sizipandi kitalu kilekile misimu miwili mfululizo, na miche iliyovimba mizizi naichoma. Mafundo yakitupwa kwenye mboji changa, mayai yanasubiri tu.

Sasa kuhusu samadi ya kuku. Jirani anafuga kuku wa mayai na alinipa magunia bure. Ile niliyoimwagia michare wala haikumsumbua kuvu. Nyingine niliimimina kwenye kitalu cha kunde, nikiwa na furaha, na kunde zikatoa majani mapana ya kijani kibichi ambayo kila mgeni aliyasifia. Nilipozing'oa, mizizi ilikuwa mitupu. Kinundu kimoja hapa, viwili pale. Kunde ikipewa naitrojeni ya bure haiwakaribishi bakteria, kwa sababu kuwalisha ni gharama. Msimu uliofuata samadi ilipokwisha nguvu, kunde zilizopandwa hapo zilikuwa na maua machache kuliko miaka yote. Mkulima mwenzangu, ukipenda kunde zako, samadi ipeleke kwenye mchicha.

Mbolea pia inahusika na ile hesabu ya doti, na hilo nililipata kwenye shamba la majani la Park Grass, kituo cha Rothamsted huko Uingereza. Tangu 1856 wamekuwa wakiliwekea kila kipande mbolea yake na kingine kukiacha bila kitu. Kunakili jenomu kunakula naitrojeni na fosforasi nyingi, maana DNA imejengwa kwa hizo. Watafiti walipopima mimea ya vipande vile walikuta kwamba palipowekwa naitrojeni na fosforasi kwa pamoja, mimea yenye jenomu kubwa na seti nyingi ndiyo iliyotamalaki kwa uzito. Penye njaa, mzigo ule ni mzigo kweli. Nikaliona jibu la kwanza kwa yule msichana: zenye mbili bado zipo kwa sababu si kila udongo unaweza kulipia tatu.

Jibu la pili lilinijia bondeni, kwa Mama Asha.

Mama Asha analima matembele chini ya barabara na kuyapeleka sokoni kwa mafungu kila alfajiri. Pale michare ilipokufa palibaki uwazi, na ukoka ukaingia kwa kasi. Anayelima Dar anaujua ukoka: unaukata, kila kipande kinaota. Nikaenda kumwomba ushauri.

"Mwalimu, ukoka haupigwi jembe," aliniambia. "Ukoka unafunikwa." Akanikatia mzigo wa vikonyo vya matembele, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akachagua vya ncha tupu, akavitupa vyenye majani yaliyosinyaa na kuwa na rangi ya ajabuajabu. "Hivi vina ugonjwa. Ukipanda ugonjwa utavuna ugonjwa." Hakuhitaji hadubini. Virusi vya viazi vitamu hurithiwa kwa vikonyo kizazi hadi kizazi, na vikikutana vya aina mbili, kile kinachobebwa na vidukari na kile kinachobebwa na inzi weupe, mmea unadumaa kabisa.

Nilipanda kwa kubananisha. Kufikia wiki ya nane ardhi haikuonekana. Ukoka ulikuwa chini, mwembamba, wa njano, unatafuta mwanga.

Ukoka mwingi una seti nne za kromosomu, jumla 36. Viazi vitamu, mama wa matembele yetu, vina seti sita, kromosomu 90. Doti tatu nzima. Lakini kinachonishangaza zaidi katika matembele hakiko kwenye hesabu hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, walichunguza sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa na kukuta zote zina jeni za bakteria ndani ya jenomu yao. Bakteria huyo ni Agrobacterium, anayejulikana kwa kudunga kipande cha jeni zake kwenye mimea. Alifanya hivyo zamani sana, kabla ya maabara yoyote duniani, na kiazi kikakibakiza kile kipande, kikakirithisha, na binadamu wakaendelea kukipanda. Kila fungu la matembele linalochambuliwa jikoni kwetu jioni lina maandishi ya bakteria ndani yake. Nilipomweleza Mama Asha aliishika tembele mkononi muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo huyu na mdudu wake walishaoana." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Angalia sasa walioshindana pale uani: mgomba, ukoka, tembele. Wote wana zaidi ya doti moja, ukiuondoa mchare. Na wote wanaenea kwa chipukizi, kikonyo au kipande. Hilo lina sababu yake. Mwaka 1975 Mmarekani Donald Levin alieleza taabu ya mmea unaozaliwa na seti nne katikati ya ndugu wenye mbili. Chavua karibu yote inayoufikia ni ya wenye mbili. Watoto wanakuwa na seti tatu, wengi tasa. Hata ukiwa na nguvu kuliko wote, unazaa patupu kwa sababu uko peke yako, mpaka upotee. Unaoweza kujichavusha au kuenea bila mbegu ndio unaovuka. Kwa hiyo zenye mbili bado zipo pia kwa sababu wao ni wengi, na wingi ni nguvu hata mbele ya mkubwa.

Akivuka sasa, ndipo majirani wanapata shida. Huko Southampton, Uingereza, nyasi ya pwani ya Marekani ilifika, ikachanganyika na nyasi ya kienyeji ya matope ya bahari. Mtoto wao alikuwa tasa, akawa anaenea kwa mizizi tu. Mwishoni mwa karne ya 19 seti zake zikajirudufu, kila kanga ikapata mwenzake wa kuunda doti, na utasa ukaisha. Nyasi ile mpya, Spartina anglica, ikafunika matope ya mwambao ambayo wazazi wake wote wawili hawakuyaweza. Nikipita Kunduchi maji yakiwa yametoka, nikaona matope yale matupu mbele ya mikoko, huwa naiwaza nyasi hiyo.

Limebaki suala la mtori. Mchare wa nne nao ulikufa, Januari 2024. Mahali pale sitapanda mchare tena maishani mwangu. Nilinunua miche mitatu iliyokuzwa maabara, ile wakulima wanaita ya tishu. Faida yake ni kwamba inatoka chupani bila fuzari, bila minyoo, bila virusi. Lakini chupani imetoka pia bila marafiki. Ndani ya mizizi ya mgomba uliokulia shambani kuna kuvu na bakteria wanaoishi humo bila kuudhuru, na baadhi yao wanamwekea fuzari vizuizi. Mche wa chupa hauna hata mmoja, na ukiuweka moja kwa moja kwenye udongo mgonjwa unaweza kuanguka haraka kuliko chipukizi la kawaida. Kwa hiyo nimeipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, juu ya matofali, yasiguse ardhi. Humo nimeweka mboji niliyoigeuza mwenyewe miezi minne, ikapata moto hadi mkono haukuvumilia kukaa ndani. Getini pana beseni la maji ya jiki kwa ajili ya viatu, na jembe lililofanya kazi kule chini haliingii kwenye mapipa kabla halijaoshwa.

Hayo yote nilimsimulia mama kwa simu, kipande kwa kipande, wiki baada ya wiki. Wakati mwingine alisema "haya" tu, na sikujua kama ananielewa au ananivumilia.

Juni iliyopita alikuja. Bajaji ilisimama, akashuka, na mkononi alikuwa na kiroba. Moyo wangu ulipiga. Akakiweka chini, akakifungua fundo kwa vidole kama siku ile. Ndani kulikuwa na vichana vya ndizi za mchare, vimeoshwa vinang'aa, hakuna chembe ya udongo.

"Mashina nimeyaacha hukohuko," alisema. "Na ile ya chini kwenye mfereji nimeing'oa yote, na kijana nimemwambia asilipeleke jembe lile juu."

Kisha akainua gauni kidogo, akavua kandambili moja, akaangalia beseni.

"Jiki ndiyo hii? Naloweka chini tu au yote?"

"Chini inatosha, mama."

Akaziloweka zote mbili, juu na chini, akazivaa zikichuruzika, akaniambia nitangulie nimwonyeshe mapipa.